Krenki Mbili za Urefu Tofauti: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Baiskeli ya Kuegemea

Mwendeshaji anayezungumziwa hapa ni mtu mzima aliyeendesha baiskeli ya kawaida kwa miaka mingi, hadi mfupa wa paja lake la kulia ulipovunjika karibu na goti. Mfupa uliunga, lakini uliunga ukiwa umepungua urefu kwa sentimita 3, na goti lililokaa muda mrefu bila kukunjwa halikurudi katika hali yake ya zamani. Linanyooka vizuri, likikunjwa, linagota kwenye nyuzi 85, ukihesabu mguu ulionyooka kabisa kuwa sifuri. Unyayo wa mguu huo unaelekea nje kidogo kwa sababu mfupa uliunga ukiwa umejizungusha. Tena, mkono wake wa kushoto alizaliwa nao ukiwa na kiganja na kidole gumba kifupi tu, bila vidole vingine. Mkono huo haukuwahi kumzuia kuendesha, kwani alizoea tangu utotoni kuuegemeza juu ya usukani na kufanya kazi zote za breki kwa mkono wa kulia.

Baada ya ajali, baiskeli ya kawaida ilimshinda. Kwa mtu mwenye vipimo vyake, krenki (mkono wa chuma unaoibeba pedeli) ya milimita 170, ambayo ndiyo ya kawaida kwa watu wazima, hulidai goti likunjwe hadi karibu nyuzi 110 kila pedeli inapofika sehemu iliyo karibu zaidi na mwili. Alipata baadaye baiskeli ya kuegemea, ile ambayo mtu huketi ameegemea nyuma na pedeli zikiwa mbele yake, ya magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, akiamini kwamba mkao wa kuegemea ungelipumzisha goti. Imani hiyo ina ukweli nusu. Mkao wa kuegemea huondoa uzito viganjani, mabegani na kwenye kinena. Mgongo hupata mahali pa kusukumia. Na magurudumu matatu humwondolea mtu haja ya kutua mguu chini kwa haraka anaposimama, jambo ambalo goti lake la kulia lisingeliweza. Lakini duara la pedeli ni lile lile, uwe umekaa wima au umeegemea. Krenki ya milimita 170 inausogeza unyayo sentimita 34 kutoka ukingo mmoja wa duara hadi mwingine, na sentimita hizo 34 ni lazima zitoke kwenye goti na nyonga.

Alipoileta kwangu, baiskeli hiyo ilikuwa imekwisha kurekebishwa na karakana nyingine. Kwanza walilirudisha nyuma kwa sentimita 3 bomba la mbele linalobeba krenki, ili mguu mfupi ufike. Ulifika, lakini mguu wa kushoto ukabanwa, na goti la kulia likazidi kuuma. Wakalirudisha bomba mahali pake na badala yake wakafunga pande la mbao la sentimita 3 juu ya pedeli ya kulia. Maumivu yakabaki. Hatimaye akaambiwa kwamba mwili wake haukubali baiskeli. Kauli hiyo inaniudhi, nami nasema hivyo bila kuficha, kwa sababu hakuna aliyekuwa amempima kabla ya kuitoa. Vilivyopimwa ni vipuri.

Kipimo kinachoamua kila kitu

Pamoja na mtaalamu wa tiba ya viungo anayemhudumia, tulianza na kiti, tukiwa tumeziondoa krenki kabisa. Sababu ya kumpima akiwa kwenye kiti chake mwenyewe, wala si juu ya kitanda cha kliniki, ni hii: mmoja wa misuli mikubwa ya mbele ya paja unapita juu ya maungio mawili, nyonga na goti. Mtu akikaa wima, nyonga imekunjwa na msuli huo umelegea, basi goti linakubali kukunjwa zaidi. Akiegemea, nyonga inafunguka, msuli unakazika, na goti linaweza kugoma mapema zaidi. Kwa mtu ambaye kikomo chake kinatokana na mfupa au makovu ndani ya goti, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mtu ambaye kikomo chake kinatokana na msuli, inaweza kuharibu hesabu yote. Kwake, kipimo cha kwenye kiti kilikuwa nyuzi 85, sawa na kile cha kliniki, na hilo lilituonyesha kwamba kizuizi kimo ndani ya goti lenyewe na kwamba kubadilisha mwegamo wa kiti kusingetuongezea wala kutupunguzia kitu.

Kisha tulichukua umbali mara mbili kwa kila mguu, kutoka kwenye kifupa kinachojitokeza ubavuni mwa nyonga hadi kwenye wayo, mahali ekseli ya pedeli itakapokaa. Umbali wa kwanza ni wa mguu ukiwa karibu kunyooka, goti likibaki na mkunjo wa nyuzi 20, kwa kuwa goti linalofungwa kabisa kila mzunguko haliachi kulalamika. Umbali wa pili ni wa goti likiwa limekunjwa hadi pale tulipokubaliana kuwa ni salama. Hatukuchagua nyuzi 85. Tulichagua 80, kwa sababu goti la namna hii huwa gumu zaidi asubuhi, huvimba kidogo baada ya kazi, na kikomo cha mwili si ukuta wa kugongwa mara elfu kadhaa katika safari moja.

Kwa mguu wa kulia, umbali wa mbali ulikuwa sentimita 81.7 na wa karibu 63.7. Toa, unapata 18. Gawanya kwa mbili, unapata 9. Hiyo ndiyo krenki ndefu kuliko zote ambayo mguu huo unaweza kuizungusha kwa usalama: milimita 90. Hesabu haina siri zaidi ya hiyo, na inafanyika kwa utepe wa kupimia na kipimapembe.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza pia kwa nini marekebisho ya awali hayakuweza kufaulu hata yangefanywa kwa ustadi gani. Bomba la mbele likirudishwa nyuma au likipelekwa mbele, duara zima linasogea, lakini kipenyo chake kinabaki sentimita 34, na mguu huu una sentimita 18 tu za kutoa. Hakuna mahali pa kuliweka bomba hilo ambapo 34 zitaingia ndani ya 18. Pande la mbao nalo linautibu mwisho wa mbali peke yake: linaufikisha mguu mfupi kwenye pedeli, kisha duara linaporudi karibu na mwili goti linadaiwa takriban nyuzi 108, mahali ambapo bila pande na bomba likiwa limerudishwa lilidaiwa 110. Nyuzi 2 za nafuu. Goti likishafika kikomo na pedeli ikaendelea kuja, kitu fulani ni lazima kiachie, na kwake kilichoachia ni kiuno: upande wa kulia wa nyonga ulikuwa ukinyanyuka kutoka kwenye kiti katika kila mzunguko. Ukimtazama kwa mbele, ulikuwa unaona bega la kulia likipanda na kushuka kwa mpigo huo huo. Maumivu ya mgongo aliyoyataja kama jambo la pembeni yalikuwa yanatoka hapo.

Mguu wa kushoto

Fundi mwingi hapa angefunga krenki mbili za milimita 90 na kumaliza. Ni njia halali, na kwa mtu mwenye miguu ya urefu sawa ningeichagua mimi mwenyewe. Lakini mguu wa kushoto wa mwendeshaji huyu ni mzima, una nguvu, na unafika sentimita 84.7 kabla goti halijazidi kunyooka. Ukiipa miguu yote miwili krenki ya 90, ama utalisogeza bomba kuufuata mguu mfupi na kuuacha wa kushoto ukifanya kazi ukiwa umekunjika muda wote, ama utarudi kwenye lile pande la mbao.

Pande la mbao, au la plastiki, lina tatizo jingine kwenye baiskeli ya kuegemea ambalo kwenye baiskeli ya kawaida halionekani sana. Pedeli huzunguka kwenye ekseli yake. Kwenye baiskeli ya kawaida uzito wa mguu unakuja kutoka juu na kuituliza. Kwenye ya kuegemea, unyayo umesimama wima mbele ya mwili, na kila sentimita unayoiongeza kati ya wayo na ekseli inakuwa wenzo wa kuipindua pedeli. Kifundo cha mguu kinalazimika kupambana na kupinduka huko katika kila nusu ya mzunguko.

Tulichofanya ni kuiachia tofauti ya krenki ibebe tofauti ya miguu. Ikiwa krenki ya kulia ni sentimita 9 na umbali wa mbali wa mguu wa kulia ni 81.7, basi ekseli ya krenki inatakiwa ikae sentimita 72.7 kutoka nyonga. Mguu wa kushoto unataka kufika 84.7, toa 72.7, zinabaki sentimita 12. Krenki ya kushoto ikawa milimita 120. Kila mguu unafika mwisho wake wa mbali ukiwa na mkunjo ule ule wa nyuzi 20, bila kipande chochote juu ya pedeli, na goti la kushoto likirudi karibu linakunjwa nyuzi 90 tu, jambo ambalo kwake ni starehe.

Najua kuna mafundi wanaoona vibaya krenki mbili zisizolingana, kana kwamba ni kazi iliyofanywa ovyo. Hoja yao ni kwamba mzunguko utakuwa na mpigo wa kuchechemea. Ni kweli kwamba mguu wa kulia unachangia msukumo mdogo zaidi, lakini ulikuwa unachangia mdogo hata krenki zilipokuwa sawa, na juu ya hapo ulikuwa unaumia. Ulinganifu wa vyuma juu ya mwili usiolingana ni ulinganifu wa macho tu. Katika kazi ya namna hii ninauamini mguu kuliko macho.

Pengine aina hii ya baiskeli inavumilia mambo kama hayo kuliko nyingine kwa sababu ya historia yake. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alivunja rekodi ya dunia ya saa moja, akipita kilomita 45, juu ya baiskeli ya kuegemea iliyobuniwa na Charles Mochet. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, UCI, kikaamua kwamba umbo hilo halihesabiwi kuwa baiskeli ya mashindano. Ilifungiwa nje ya mashindano, ikakulia mikononi mwa watu waliojiundia wenyewe, na hadi leo nyingi huja na bomba la mbele linalosogea, kiti kinachobadilika mwegamo na fremu inayokubali vipuri vya aina nyingi. Kwa anayerekebisha, hilo ni jambo kubwa.

Kuhusu krenki zenyewe, tulipata za kushoto za milimita 120 bila shida, lakini upande wa kulia tulitumia bamba la kufupishia: kipande kinene cha chuma kinachofungwa kwa bolti juu ya krenki iliyopo, chenye matundu kadhaa ya pedeli. Bamba hilo huisogeza pedeli nje kwa unene wake, na kwa kawaida hiyo ni kasoro. Kwake ilikuwa faida, kwa kuwa unyayo wa kulia unaelekea nje, na kisigino kinachoingia ndani kilikuwa kikigusa krenki. Kwa anayependelea kutoboa krenki yenyewe, akumbuke kwamba pedeli ya kushoto ina uzi wa kinyume, kwamba uzi uliokatwa ndani ya alumini nyembamba hautadumu, na kwamba krenki iliyokatika huku mguu umefungwa kwenye pedeli inaweza kumjeruhi mtu vibaya.

Kiti ndicho kinacholinda goti

Hapa ndipo naomba msomaji atulie, kwa maana ndilo jambo ambalo karakana nyingi hulipita haraka. Hesabu yote iliyotangulia inahesabiwa kutoka nyonga. Nyonga ikihama, hesabu imehama. Mwendeshaji akiteleza sentimita 2 tu mbele kwenye kiti, goti lake la kulia linapanda kutoka nyuzi 80 hadi 84, na ile akiba yote tuliyomwekea inabaki uzi mmoja. Sentimita 2 ni kiasi ambacho mtu huteleza bila kutambua, anaposhuka mteremko, anapopita kwenye mashimo, au anapochoka.

Kwa hiyo tuliinua ukingo wa mbele wa kiti kwa kabari ili mapaja yakae kwenye mwinuko kidogo na fupanyonga lisipate mteremko wa kuteremkia. Upande wa kulia ukingo huo ulikatwa kwa sababu paja ni fupi. Bila kukatwa ungeminya nyuma ya goti, mahali penye mishipa mikubwa ya damu na neva. Egemeo la mgongo lilisimamishwa kiasi, kwa kuwa nyonga iliyosukuma mguu inahitaji kitu cha kusukumia nyuma yake, na kitambaa chake cha wavu kilikazwa chini, usawa wa kiuno, kisha kikalegezwa juu, usawa wa mabega, ili mgongo upate umbo lake. Mwisho tuliweka mkanda mpana unaopita juu ya nyonga, chini ya tumbo. Mwendeshaji hakuupenda mwanzoni. Alisema, "Fundi, nisije nikafungwa kama mzigo." Tulichagua bizimu anayoweza kuifungua kwa kiganja cha kushoto kwa kuibonyeza, akajaribu mara kadhaa hadi akaridhika kwamba anatoka mwenyewe, ndipo akaukubali.

Alama mbili ziliwekwa ubavuni mwa kiti, moja kwa wino upande wa nyonga ya kulia na nyingine upande wa kushoto. Akiketi vizuri, mshono wa suruali unakutana na alama. Ni njia ya kawaida mno, lakini inampa mtu uwezo wa kujikagua bila kuhitaji fundi.

Unyayo ulioko hewani

Kwenye baiskeli hii miguu iko mbele na juu, na unyayo ukitoka kwenye pedeli huku baiskeli inakwenda, unaanguka chini, unashika ardhi, na fremu inaupita kwa juu. Ajali ya namna hiyo huvunja kifundo na muundi. Ndiyo maana kila anayeendesha baiskeli ya kuegemea ya magurudumu matatu anatakiwa awe na kitu cha kuushikilia unyayo, na si walemavu pekee.

Kila upande ulipata kishikilio chake. Mguu wa kushoto ulipewa kiatu chenye klipu inayoingia kwenye pedeli, kwa sababu mguu huo unaweza kusukuma na pia kuvuta, na mvuto wake unaisaidia krenki ya kulia inaposukumwa kwenda mbali na mwili. Mguu wa kulia ulipewa kikombe cha kisigino na mikanda miwili, bila klipu. Kuutoa mguu kwenye klipu kunadai kukizungusha kisigino nje, na kwa mfupa uliokwisha kujizungusha sikutaka goti litumike kama ufunguo. Kikombe kimefungwa kikiwa kimeelekea nje kwa kiasi kile kile ambacho unyayo unaelekea. Kuunyoosha unyayo kwa nguvu kungepeleka msokoto moja kwa moja kwenye goti. Pia wayo umesogezwa mbele kidogo, ekseli ikawa karibu na upinde wa unyayo badala ya chini ya vidole, ili misuli ya nyuma ya muundi isichoke kwa kushikilia. Kusogeza huko kulifanyika kabla ya kuchukua vipimo, kwani kunabadilisha umbali.

Gia na mnyororo

Krenki fupi ina gharama yake, nayo ni wenzo. Kwa msukumo ule ule wa mguu, krenki ya milimita 120 inatoa takriban asilimia 71 ya msokoto, yaani uwezo wa kuizungusha ekseli, wa ile ya 170, na ya milimita 90 inatoa asilimia 53. Kwenye baiskeli ya kawaida mtu angeinuka na kuukanyaga mlima kwa uzito wake. Aliyeegemea hana uzito wa kukanyagia. Basi msokoto uliopotea ni lazima urudishwe na gia, na mwendeshaji azungushe kwa kasi zaidi. Si hasara ya nguvu, kwa kuwa nguvu ni msokoto mara kasi ya mzunguko. Mguu unaosafiri kwenye duara dogo unaweza kuzunguka mara nyingi zaidi bila kwenda mbio zaidi: wastani wa krenki zake ni milimita 105, na mizunguko 97 kwa dakika juu ya wastani huo ni mwendo ule ule wa unyayo kama mizunguko 60 juu ya krenki ya 170.

Gia ya mbele yenye meno 39 ilibadilishwa ikawekwa ya meno 26. Nyuma aliachiwa habu (kitovu cha gurudumu) ya gia 8 za ndani, ambayo gia yake ya juu ni takriban mara tatu ya ile ya chini, kwa sababu habu ya namna hiyo hubadilishwa gia hata baiskeli ikiwa imesimama. Aliyesimama ghafla kwenye kilima akiwa kwenye gia nzito anaweza kushuka hadi gia nyepesi kabla ya kuanza tena, na goti lisibebeshwe mzigo wa kuanzia. Watengenezaji wa habu hizi huweka kikomo cha uwiano wa meno ili kuzikinga na msokoto mkubwa. Kwake, ufupi wa krenki unafidia udogo wa gia ya mbele, na mzigo unaofika kwenye habu ni karibu ule ule wa zamani.

Bomba la mbele lilikuwa limesogea sentimita 5 kwenda mbele, na kwa kuwa mnyororo unakwenda na kurudi, kila sentimita ya bomba inataka sentimita 2 za mnyororo. Tulikuwa tumeandaa vipande vya kuongeza, kumbe gia ndogo ya mbele ilikuwa imeachia zaidi ya sentimita 8 kati ya 10 zilizohitajika, na kikaza mnyororo kikamaliza zilizobaki.

Mkono mmoja, breki tatu

Baiskeli yenye magurudumu mawili mbele huwa na breki kwenye kila gurudumu la mbele, na kwa kawaida kila mkono una breki yake. Mwendeshaji huyu alikuwa akitumia ya kulia peke yake. Kwa mwendo mdogo alizoea kuurekebisha usukani uliokuwa ukivutwa kulia. Kwenye mteremko, gurudumu moja la mbele likikamatwa na la pili likaachwa huru, baiskeli inageuka bila kuombwa. Hili lilikuwa hatari kubwa kuliko goti, na laiti angekuja kwa ajili ya breki pekee, bado safari yake ingekuwa na faida.

Breki zote mbili za mbele sasa zinavutwa na mkono mmoja wa breki, upande wa kulia, unaopokea nyaya mbili. Ubaya wa mpango huu ni mbili: vidole vinavuta mara mbili ya kazi, na nyaya mpya hazilegei kwa kiasi kimoja, hivyo upande mmoja huanza kuuma kabla ya mwingine. Ubaya wa kwanza ulipunguzwa kwa mkono wa breki wenye wenzo mrefu na kwa nyaya zisizo na kona kali. Wa pili hauna dawa ya kudumu. Dawa yake ni kukagua. Mahali tambarare, kwa mwendo wa mtu anayetembea, unafunga breki huku umeushika usukani kwa wepesi sana, na baiskeli ikivutwa upande mmoja unakaza skrubu ya waya wa upande wa pili robo mzunguko.

Waya mmoja ukikatika, au bolti ya mkono huo ikilegea, ni lazima pawepo njia nyingine ya kusimama. Gurudumu la nyuma lilipewa breki yake, inayoendeshwa na wenzo mfupi ulio karibu na kiganja cha kushoto. Haudai vidole, unasukumwa kwa kiganja kwenda mbele na unabaki pale ulipoachwa. Ndio pia unaoizuia baiskeli isitembee anapokaa na anapoinuka, kwa kuwa kiti kiko chini, goti la kulia halikunjiki vya kutosha kuinukia, na yeye huunyoosha mguu huo mbele, akajisukuma kwa mguu wa kushoto na kwa mkono wa kulia ulioshika bomba tuliloliongeza ubavuni mwa fremu. Baiskeli ikiteleza nusu mita wakati huo, ataanguka.

Usukani wenyewe una mishikio miwili iliyounganishwa, kwa hiyo mkono wa kulia ungeweza kuongoza peke yake, lakini bega lingelipia. Mkono wa kushoto ulitengenezewa kibakuli. Tulitumia plastiki ile inayotumiwa kwa vishikizo vya mifupa, ambayo hulainika kwenye maji ya moto ya nyuzi 65 hivi na kupoa ikiwa imeshika umbo. Tuliitumbukiza hadi ikaanza kulegea na kung'aa, tukaipangusa, tukaikunja juu ya kiganja chake kilichovalishwa soksi nene, naye akaushika mkao wake wa kuendesha hadi ikapoa. Ukingo wa upande wa kidole gumba uliachwa wazi ili mkono utoke wenyewe baiskeli ikipinduka. Hatukuweka mkanda hapo. Mkono uliofungwa kwenye usukani wakati wa kuanguka unaweza kuvunjika, na kiganja kilichokaa vizuri ndani ya umbo lake hakihitaji kufungwa.

Majaribio na yaliyobaki

Alianza kuzungusha baiskeli ikiwa imeinuliwa gurudumu la nyuma, huku tukimrekodi kwa video kutoka ubavuni na kutoka mbele. Tulichotafuta kilikuwa kiuno. Hakikunyanyuka. Bega la kulia lilitulia, na goti la kulia lilipita karibu na mwili bila kutoka nje. Baada ya hapo alizunguka kwenye uwanja uliofungwa, akasimama na kuanza tena mara nyingi, akipewa kwanza breki za mkono wa kulia peke yake, kisha ya nyuma peke yake, kisha zote pamoja.

Malalamiko ya kwanza yalikuwa ganzi ya vidole vya mguu wa kulia, kutokana na mkanda wa juu wa kikombe uliokazwa mno; mkanda mpana zaidi uliiondoa. La pili lilikuwa mpigo usio sawa kwenye vilima, na hapo wenye hoja ya ulinganifu wana haki yao: akiwa kwenye gia nzito, msukumo wa kushoto unasikika wazi kuliko wa kulia. Akishuka gia moja na kuongeza mzunguko, unafifia. Alifikiria kuongeza mota ya umeme, nami nilimshauri aangalie kwanza jinsi kitambuzi cha mota kinavyofanya kazi, kwani kuna vitambuzi vinavyopima msukumo wa krenki ya kushoto tu na kuudhania wa kulia kuwa sawa na huo. Kwake mota ya namna hiyo ingesaidia kwa kipimo kisicho cha kweli.

Kipo bado kiti ambacho ni cha chini kuliko anavyotaka wakati wa kuinuka. Kukipandisha kungepandisha kitovu cha uzito, na baiskeli ya magurudumu matatu haijilazi kwenye kona kama ya magurudumu mawili. Ikipandishwa sana huinua gurudumu la ndani. Tulikubaliana tusubiri aizoee kwanza, ndipo tuamue.

Kwenye fremu, chini ya kiti, kumebandikwa karatasi iliyofunikwa kwa plastiki: kulia 90, kushoto 120, nyonga hadi ekseli ya krenki 72.7, goti la kulia lisizidi 80. Imeandikwa pia kwamba bomba la mbele lisisogezwe, kiti kisibadilishwe mwegamo, wala kiatu cha unene mwingine kisitumike bila kupima upya, kwa kuwa fundi atakayeishika baiskeli hiyo kesho ataziona krenki mbili zisizolingana na anaweza kudhani kwamba anamsaidia mwenyewe kwa kuzisawazisha.